Sura ya Sita: Ringi ya Nyakahura

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano haukuisahau Ngara. Ulipoanza kujengwa mwaka 2009, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China na kazi ya kampuni ya CITCC, ulilenga kufika mipakani: Namanga na Sirari kwa Wakenya, Mutukula kwa Waganda, Tunduma kwa Wazambia. Kwa Wanyarwanda ukaelekezwa Rusumo, na kwa Warundi Kabanga na Manyovu. Rusumo na Kabanga zote ziko Ngara. Ni wilaya chache sana nchini zinazopitiwa na mwanga unaokwenda kuhudumia nchi mbili zisizo na bahari. Baadaye wakaja Wavietinamu wa Viettel, wakazindua Halotel Oktoba 2015 na kutangaza kilomita 18,000 za faiba nchi nzima. Anayesema huku hakuna mkongo anaongea habari za zamani.

Lakini kupitiwa na mkongo hakumfaidishi mtu chochote. Nyuzi zilizolala kando ya lami kati ya Lusahunga na Rusumo hazimhudumii mwenye ghala aliye hatua hamsini kutoka hapo, mpaka pawepo kituo cha kuzifungua, swichi ya kugawa kilichomo, umeme wa kuiendesha swichi hiyo, na mtu aliyetia saini kwamba itafanya kazi. Vitu hivyo vinne ndivyo hukosekana. Wizara ikitaja urefu wa mkongo hutaja kilomita, na kilomita zinapendeza kwenye hotuba. Sura hii inahusu kipande kile kifupi kisichopendeza: kutoa laini kwenye mkongo mkubwa na kuifikisha kwa mteja wa biashara, ikiwa na kasi aliyoilipia, usiku na mchana.

Mijini kazi hiyo ina mtandao wake maalumu. Dar es Salaam au Mwanza, kampuni ya simu hulaza faiba kwa mduara kuzunguka mji, ikaweka vituo kadhaa juu ya mduara huo, na kutoka kila kituo ikavuta nyuzi hadi benki, hoteli na ofisi. Umbali kati ya kituo na kituo ni kilomita tatu, tano, labda nane. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa ajili ya miji ya namna hiyo. Ngara na Biharamulo wateja wapo, ila wametawanyika kwenye wilaya mbili zenye misitu, mabonde na mito.

Tuwahesabu. Kuna kituo cha forodha cha pamoja cha Rusumo, kilichozinduliwa na marais Magufuli na Kagame Aprili 2016, na kile cha Kabanga kinachotazamana na Kobero ya Burundi. Kuna mizani ya Nyakahura, ambako malori ya mizigo ya Kigali na Bujumbura hupimwa. Kuna matawi ya benki Ngara mjini na Biharamulo mjini. Kuna hospitali: Nyamiaga, Murgwanza ya Waanglikana, Rulenge ya Wakatoliki, na ile ya Biharamulo. Kuna mgodi wa dhahabu wa Stamigold, uliorithi shughuli za Tulawaka chini ya shirika la madini la taifa, STAMICO, na kuna mradi mkubwa kuliko yote, nikeli ya Kabanga. Mradi huo, licha ya jina lake, uko kata ya Bugarama. Ongeza halmashauri zenyewe na Radio Kwizera, iliyoanzishwa na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi miaka ile ambapo Benaco ilikuwa kambi yenye watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Siku hizo, 1994, wakimbizi robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24, na wafanyakazi wa misaada waliwasiliana na dunia kwa redio za masafa marefu na simu za setilaiti.

Wateja hawa hawahitaji kitu kimoja. Mashine ya kutolea fedha inatumia data kidogo mno, hata laini ya simu ya kawaida ingeitosha kwa kasi. Isichoweza kuvumilia ni kukatikakatika. Hospitali inayotumia mfumo wa GoTHOMIS kuandikisha wagonjwa haina haja ya kasi kubwa, lakini siku itakapotaka kutuma picha za CT za mgonjwa kwa bingwa aliyeko hospitali ya Bugando, Mwanza, mambo yatabadilika. Picha za megabaiti 400 kwenye laini ya megabiti 5 kwa sekunde zitachukua zaidi ya dakika kumi. Kwenye laini ya megabiti 50, dakika moja na ushee. Forodha inataka mfumo wake ufungue ukurasa papo hapo, maana nyuma ya kila ukurasa kuna foleni ya malori. Na mgodi unataka kila kitu: kamera, simu, vipimo vya mitambo, na hesabu za ofisi.

Hapa ndipo Ethaneti ya biashara inapoachana na bando. Bando huuzwa kwa kadiri: mtandao ukiwa mwepesi unapata kasi, ukijaa unasubiri pamoja na wenzako. Laini ya biashara huuzwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni kasi ya uhakika, ambayo mtoa huduma ameitenga na hawezi kumpa mwingine. Ya pili ni kasi ya ziada, ambayo mteja huipata ikiwa ipo. Benki inaweza kununua megabiti 4 za uhakika na 16 za ziada. Miamala ya fedha inapita kwenye zile 4, na barua pepe za wafanyakazi zinajitafutia kwenye zile 16. Mchoraji wa mtandao anajumlisha kasi za uhakika za wateja wote na kuhakikisha jumla yake haizidi uwezo wa kipande chembamba kuliko vyote cha njia. Ni hesabu ya darasa la nne, na kampuni nyingi zimeshindwa kuifanya, au zimeifanya zikaificha.

Muungano wa kampuni za mawasiliano uliojulikana kama MEF, ulioanzishwa mwaka 2001, ulizipanga huduma hizi kwa maumbo. E-Line inaunganisha nukta mbili, kama mgodi wa Bugarama na ofisi yake iliyo kwingine. E-LAN inaunganisha nyingi kwa nyingi, kila tawi likiliona jingine. E-Tree ina shina na matawi: matawi yanaongea na shina lakini hayaonani, na hilo linafaa kwa mizani na mashine za fedha, ambazo hazina sababu yoyote ya kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Nikeli ya Kabanga ni mfano mzuri wa E-Line. Kampuni ya Tembo Nickel, ambayo serikali ina asilimia 16 ndani yake kwa mkataba wa Januari 2021, ilipanga kuchimba Ngara na kusafisha madini Kahama, kwenye eneo la mgodi wa zamani wa Buzwagi. Maeneo hayo mawili yatakuwa na hesabu moja na bosi mmoja, na katikati yake kuna mwendo wa nusu siku.

Ethaneti yenyewe haikubuniwa kwa safari za namna hiyo. Robert Metcalfe na wenzake waliibuni mwaka 1973 kwenye maabara ya Xerox, Palo Alto, ili kompyuta za jengo moja ziweze kutumia printa moja. Kuitoa kwenye jengo na kuipeleka porini kumehitaji ujanja mwingi, na ujanja wa kwanza ni wa utengano. Data za benki na za mgodi zitapita kwenye uzi mmoja wa kioo, itakuwaje zisichanganyike? Kila fremu ya data hubeba lebo ya mteja, na mtoa huduma huongeza lebo yake juu ya ile. Dereva wa Kigali ataelewa mara moja: ni kontena la transiti lililofungwa lakiri bandarini Dar es Salaam. Mizani inasoma karatasi za nje, haifungui mzigo, na lakiri inakatwa na mwenye mamlaka kule mwisho wa safari. Kwa kuwa lebo ya nje ni ya mtoa huduma peke yake, wateja wawili wanaweza kutumia namba zilezile za ndani bila kugongana.

Sasa tushike kalamu. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo ina kilomita 92. Faiba haiwi na urefu wa barabara. Mafundi huacha mikunjo ya akiba kwenye chemba, na kebo hupanda na kushuka, kwa hiyo tuseme kilomita 96. Kioo kizuri kilicholazwa ardhini kinakula mwanga kama desibeli 0.22 kwa kila kilomita: jumla 21 na kidogo. Kebo huja kwa magurudumu, na tukichukulia gurudumu moja ni kilomita 4, kuna viungo kama 24 njiani. Kila kimoja kikipoteza desibeli 0.1, tumepata 2.4. Viunganishi vya vituoni vichukue 2. Tumefika 25.5. Ongeza 3 za maisha, maana kebo itakatwa, na kila ikikatwa inaongezewa viungo viwili. Jumla 28.5. Kwa lugha ya kawaida, kila sehemu 700 za mwanga unaotoka Lusahunga, moja tu inafika Rusumo.

Moduli ya kawaida ya mwanga inayouzwa kwa jina la kilomita 80 huvumilia upotevu wa desibeli 23 au 24. Haitoshi. Mwenye haraka atasahau zile 3 za maisha, atabana viungo, na laini itawaka siku ya uzinduzi. Itazimika baada ya greda la kwanza kupita. Tena kuna tatizo la pili ambalo kipimo cha nguvu hakilioni: mwanga hutawanyika kadiri unavyosafiri, mapigo yake yanavimba mpaka yanaingiliana. Kwa kasi ya gigabiti 1 umbali huo hausumbui. Kwa gigabiti 10, moduli za kawaida zinafika ukomo kwenye kilomita 80 hivi. Mtu anaweza kununua moduli za kisasa zenye akili ya kunyoosha mwanga, au vikuza mwanga, na bei ikapanda. Mimi nisingenunua. Ningeweka kituo njiani, Benaco, kwenye kata ya Kasulo. Wateja wako palepale, na kituo kinachouza huduma kinajilipia, wakati kikuza mwanga kilichofungiwa porini kinakula umeme tu.

Hapo tumepata laini, na laini moja haitoshi. Chukua mkataba unaoahidi huduma asilimia 99.9 ya mwaka. Unaruhusu kukatika saa 8 na dakika 45 hivi kwa mwaka mzima. Kebo ikikatwa saa tatu usiku kwenye kipande cha msitu, mafundi wako Biharamulo, gari linatafutwa, kifaa cha kupimia kinasema uzi umekatika kilomita 41.3 kutoka kituoni, na hiyo 41.3 ni ya kebo pamoja na mikunjo yake, si ya barabara. Wasipokuwa na daftari la chemba, watachimba mahali pasipo. Mpaka uzi uungwe, mchana umefika na mkataba wa mwaka umekwisha kwa tukio moja. Asilimia 99.99 inaruhusu dakika 52. Hakuna fundi wa kufika kwa dakika 52, hata ukimpa helikopta. Ahadi ya kiwango hicho hutimizwa na mchoro peke yake: mwanga uwe na njia ya pili kabla ya kebo kukatika.

Bahati ya Ngara ni kwamba njia ya pili ipo kwenye ramani. Ukitoka Nyakahura kwa barabara kuu unafika Benaco, ukageuka kwenda Murugarama, jirani na Ngara mjini. Kutoka Murugarama kuna barabara nyingine, inayopita Rulenge na kurudi Nyakahura, kilomita 85 ambazo wakazi wamezidai lami kwa miaka. Funga hizo mbili, umepata mduara usiozidi kilomita 200, na wateja karibu wote wa Ngara wako juu yake au wanafikiwa kwa tawi fupi: Rusumo kutoka Benaco, Kabanga kutoka Ngara mjini, mgodi wa nikeli kutoka upande wa Rulenge. Ungechora kwenye karatasi tupu usingeupata vizuri zaidi.

Mduara wa Ethaneti, yaani ringi, una hila yake. Fremu za Ethaneti hazina hesabu ya umri. Zikiingia kwenye duara lililo wazi zitazunguka na kuzaana mpaka swichi zote zikwame. Kwa hiyo kipande kimoja cha ringi hufungwa makusudi, na kanuni ya kimataifa iitwayo G.8032 husimamia ufungaji huo. Siku zote mduara unafanya kazi kama mstari uliokunjwa. Kebo ikikatwa mahali popote, swichi zilizo pande mbili za jeraha zinapeana habari, kile kipande kilichofungwa kinafunguliwa, na data zinageuza njia. Kwa ringi yenye swichi pungufu ya 16 na kebo isiyozidi kilomita 1,200, kanuni inataka yote yaishe ndani ya milisekunde 50. Karani wa forodha hatajua kilichotokea. Kipande cha kufunga kiwe wapi? Kifungwe mkabala na mlango wa kutokea, yaani mahali fulani kati ya Ngara mjini na Rulenge, ili kila upande ubebe karibu nusu ya mzigo.

Ila mwenye jicho kali ameshaona kasoro. Mduara wote huo unatokea nje kwa shingo moja, kipande cha Nyakahura hadi Lusahunga. Mbele ya Lusahunga njia zinatawanyika vizuri, kaskazini kwenda Biharamulo, Muleba na Bukoba, kusini kwenda Nyakanazi, na kutoka Nyakanazi kwenda Kahama, Geita au Kigoma. Lakini shingo ikikatwa, ringi inabaki ikizungusha data ndani kwa ndani: Ngara itaongea na Rulenge kwa ufasaha, na hakuna atakayeongea na Dar es Salaam. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye mitandao ya wilayani. Lina pacha wake: ofisi inanunua laini mbili kutoka kampuni mbili, inalipa bili mbili, kumbe kampuni zote mbili zimekodi nyuzi kwenye kebo ileile inayopita kwenye kalvati lilelile. Kabla ya kulipa, mteja adai ramani ya chemba kwa chemba. Muuzaji atakayekataa kuitoa amejibu swali.

Dawa ya shingo imesimama juu ya nguzo za umeme. Mradi wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, umejengewa njia ya msongo wa kilovolti 220 hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo, na kutoka Nyakanazi gridi inaendelea Geita. Kwenye njia za msongo mkubwa kama huo, ule waya wa juu kabisa unaokinga radi huweza kubeba nyuzi za mwanga ndani yake, na sehemu ya Mkongo wa Taifa imeanza maisha yake hivyo, juu ya nguzo za TANESCO. Waya huo haufukuliwi na greda wala hauchomwi na moto wa nyasi. Ubaya wake ni kwamba ukiharibika huupandi na ngazi. Unasubiri kibali na mafundi wa umeme. Kwa njia ya akiba hilo linavumilika. Ringi ikikamatana na njia ya umeme upande wa Rusumo na kushuka nayo hadi Nyakanazi, shingo ya Nyakahura inaacha kuwa ya pekee.

Umeme wenyewe nao una historia hapa. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilikuwa nje ya gridi, zikiishi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na kituo cha mawasiliano kilikuwa na tangi la mafuta kubwa kuliko kabati la vifaa. Gridi imepunguza kero, haijaiondoa. Kila kituo cha ringi bado kinahitaji betri za kukibeba usiku mzima, kwa sababu kituo kilichozimika ni sawa na kebo iliyokatwa, na vituo viwili vikizimika pamoja wateja walio kati yao wanabaki kisiwani. Fedha za betri ndizo hukatwa kwanza kwenye bajeti. Zingekatwa za mwisho.

Mei 2024 ilitoa somo ambalo halikusikika vizuri. Tarehe 12, kebo za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi Afrika Mashariki. Watu walisema mtandao umekufa. Haukufa wote. Laini ya E-Line kutoka Ngara hadi Dar es Salaam haiingii baharini hata hatua moja. Ni kama kilomita 1,300 za nchi kavu, na mwanga unakwenda na kurudi kwa milisekunde 13 hivi, ukiacha muda wa swichi. Taasisi ambayo kompyuta zake kuu ziko Dar au Dodoma, na matawi yake yameunganishwa kwa laini za namna hiyo, ilikuwa na sababu ya kuendelea na kazi. Iliyoweka kila kitu ng'ambo, hata faili ambalo karani wa Ngara anamtumia karani wa Biharamulo, ilisimama. Kwa mtandao wa wazi, njia ya kukwepa ilikuwa nchi kavu kaskazini, hadi Mombasa, ambako kuna kebo nyingine kama TEAMS inayokwenda Fujairah. Kutoka Rusumo kuna hata njia ya kupitia Kigali na Kampala. Nyuzi zinakutana pale darajani tayari. Kilichobaki ni mikataba ya kurudishiana mzigo upande mmoja unapoumia, na vibali vya wadhibiti wa nchi husika. Nchi ambazo zimeweza kukaa chumba kimoja na kukagua lori mara moja badala ya mbili zinaweza kukubaliana kuhusu mwanga.

Ikiwa fedha ni za upande mmoja tu, ningeanza na ule wa Rulenge, ingawa wateja wengi wako barabara kuu. Barabara kuu ina faiba tayari. Rulenge ndiko kuna hospitali isiyo na njia ya pili na mgodi wenye uwezo wa kulipia, na barabara inapojengwa mtaro huwa wazi bure. Gharama kubwa ya faiba ni kuchimba. Kioo chenyewe ni rahisi. Mabomba mawili ya plastiki yakilazwa kabla ya lami, moja likiwa na kebo ya nyuzi 48 na jingine tupu, kampuni ya pili itapita baadaye bila kugusa jembe. Nyuzi 4 ziwe za ringi yenyewe, 8 zikodishwe kwa mgodi kama utazitaka gizani, yaani aziwashe mwenyewe kwa vifaa vyake, na jozi 2 apewe mwenye barabara, kwa mizani na kamera zake, badala ya kodi ya hifadhi ya barabara. Chemba ziwe kila nusu kilomita, na namba ya kila moja iandikwe kwenye daftari litakalokaa Biharamulo, kwa mafundi, nakala nyingine Ngara.